Fundi aliyenirudishia kitenge

Zilibaki siku tisa Idi ifike. Nilipeleka vitambaa viwili kwa fundi cherehani wa mtaani kwetu: kimoja cha suruali yangu, kingine kitenge cha mke wangu. Cha suruali alikipokea, akanipima kiuno, akaandika kwenye daftari. Kitenge alikikunjua, akakitazama kidogo, akakikunja upya na kunirudishia.

"Kaka, hiki nitakuharibia bure. Magauni siyo mkono wangu. Vuka barabara, pale penye mwavuli mwekundu, kuna dada anayaweza."

Anayewajua mafundi wa Dar es Salaam mwisho wa Mfungo atanielewa kwa nini nilibaki nimeduwaa. Fundi wa kawaida hana neno "siwezi". Anapokea kila kitu na kukwambia njoo Alhamisi, na Alhamisi ukienda unakuta kitambaa chako bado kimo kwenye mfuko uleule wa dukani. Mwaka mmoja nilisali Idi na shati ambalo mkono wa kushoto ulikuwa mrefu kuliko wa kulia. Aliyelishona hakuwa tapeli. Aliogopa tu kwamba akimwachia mteja aende, hatapata mwingine.

Nikamuuliza huyu wangu: huogopi nikihamia kwa dada moja kwa moja? Akacheka. "Utarudi na suruali. Yeye suruali hagusi."

Siku hizi wahamasishaji wametujaa kwenye simu wakitufundisha kuwaza utele: amka asubuhi, jiambie riziki zipo tele, ziite zije. Sina ugomvi nao, wengine wana sauti nzuri. Lakini nina shaka kama fundi yule hujiambia chochote asubuhi zaidi ya kutafuta chai. Anajua mkono wake unaanzia wapi na unaishia wapi, na kwa sababu hiyo wa ng'ambo ya barabara hamtishi. Mimi huo ndio utele ninaouelewa.

Niliuelewa kwa kuchelewa. Nina kiduka cha kuchapisha kadi, na kwa miaka kadhaa nilikuwa napokea kila kilichopita mlangoni: mihuri, fulana, mabango, vitambulisho, stika za bajaji. Mwenzangu akishusha bei, nami nashusha. Kijana niliyekuwa naye dukani nilimficha mafaili kama mganga anavyoficha mkoba, nisije nikamfundisha halafu akanizidi. Siku moja akaja mama kuchukua kadi za mchango wa harusi ya bintiye. Akaisoma moja akiwa amesimama, akairudia, akauliza: "Haya maneno kayaandika nani?" Nikasema mimi. Akatoa kitambaa akajifuta macho, akaagiza na kadi za mwaliko palepale, bei hakuuliza.

Kadi yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa, na karatasi kama ile wanayo wote. Mtaa mzima una mashine na maua ya dhahabu yanayofanana. Maneno ndiyo hawana. Mimi nimelelewa na bibi aliyekuwa akitungiwa barua na kuzikataa mpaka zinyooke, na sikuwahi kufikiri kwamba hilo linaweza kuwa mtaji.

Tulishawahi kuwa na mtu mkubwa wa mfano huu. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyewahi kuwa kibarua kwenye mkonge Tanga, alianza kuchora hapa Dar mwaka 1968. Hakuwa amesomea sanaa. Alichukua hadibodi na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, akachora wanyama kwa namna aliyoijua yeye, picha zikauzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Kisha akafanya jambo ambalo mimi na mafaili yangu tusingelifanya: akawaita ndugu na vijana, akawafundisha. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kimakosa, akafa. Alichora kwa takriban miaka minne tu. Angekuwa ameificha kazi ile, ingezikwa naye. Badala yake jina lake limekuwa jina la mtindo mzima, na waliomfuata wakaongeza ya kwao, huyu mashetani, yule vijiji na hospitali zilizofurika watu.

Ila tusidanganyane. Pita leo kwenye vibanda vya picha uone twiga walewale na mlima uleule, kibanda hadi kibanda, na mtalii anavyoshusha bei kwa kumwonesha huyu picha ya yule. Kufundishwa hakumalizi kazi. Ukibaki na twiga wa mwalimu, jirani yako lazima awe adui, maana naye anamuuza twiga huyohuyo.

Najua jibu litakalonijia: mwenye nyumba hapokei kipaji. Kweli. Mimi mwenyewe sikuacha fulana siku ileile. Niliziacha moja moja, na mihuri bado nachonga kwa sababu kodi ni ya miezi sita. Kumwambia mtu mwenye njaa awaze utele ni kumtukana. Lakini hata kwenye njaa, kazi unayoiharibu haikuletei mteja wa kesho.

Kijana wangu sasa ana meza yake mtaa wa pili. Mabango yote namtumia yeye, na ana jicho la rangi ambalo mimi sina. Kadi za kipaimara na za harusi huniletea niweke maneno, tunagawana.

Suruali niliipata siku tuliyoahidiana. Kitenge kilichelewa; tulikifuata usiku wa kuamkia Idi, yule dada akiwa bado anakata nyuzi kwa tochi ya simu. Mke wangu akalijaribu gauni palepale juu ya nguo zake, akageuka mara mbili mbele ya kioo kilichopasuka, akaniuliza kwa nini miaka yote hii nilikuwa nampeleka kwa wanaoshona suruali.