Idara ndogo ya kemia kati ya skrini na bureti

Janga la UVIKO-19 lilipofunga maabara mwaka 2020, vyuo vingi vililazimika kuhamishia mazoezi ya vitendo ya kemia kwenye programu za kompyuta. Maabara zilifunguliwa tena, lakini programu hizo hazikuondoka. Sasa idara ndogo, yenye walimu wachache na pengine fundi sanifu mmoja wa maabara, inakabiliwa na swali ambalo zamani halikuwapo: je, sehemu ya mazoezi ibaki kwenye skrini daima?

Hoja za wanaosema ndiyo ni nzito. Kemikali hugharimu mara mbili, wakati wa kuzinunua na wakati wa kuteketeza taka zake, na idara inayofundisha wanafunzi kumi hulipia usalama ule ule unaolipiwa na idara ya mia moja. Mwanafunzi mjamzito, au mwenye mzio wa kemikali fulani, hufanya zoezi la kompyuta bila hofu. Tena mwanafunzi akikosea kwenye programu, hurudia hata mara kumi, ilhali maabara ina saa zake na ikifungwa imefungwa.

Hata hivyo, tuangalie zoezi moja la kawaida: kupima kiasi cha asidi kilichomo kwenye kimiminika kwa kukiongezea besi, yaani kemikali inayoizimua asidi, ambayo hapa ni sodiamu haidroksaidi, huku fenolfthalini, kiashiria kinachogeuka waridi asidi inapokwisha, ikitoa ishara. Mwanafunzi ameinama, mkono mmoja kwenye koki ya bureti (mrija wa kioo wenye vipimo unaodondosha kimiminika), mwingine ukizungusha chupa juu ya kigae cheupe. Rangi ya waridi inajitokeza pale tone linapoangukia, kisha inatoweka. Tone moja ni takriban mililita 0.05, na likizidi moja tu, asidi na besi zikiwa kali, kimiminika chote huwa waridi. Kwa hiyo hujifunza kuliacha nusu tone lining'inie kwenye ncha, aligusishe ukutani mwa chupa, alisuuze kwa maji, kisha aangalie kama rangi hafifu itadumu. Programu humwonyesha vizuri kabisa mkunjo wa pH (kipimo cha uasidi) unavyopanda ghafla, tena vizuri kuliko ubao, lakini haiwezi kumfundisha nusu tone.

Mjadala huu mara nyingi huendeshwa kana kwamba njia ni mbili tu, na hapo ndipo unaponisikitisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, walimu wa Bowdoin College na Merrimack College, vyuo vidogo vya Marekani, walikabiliwa na hewa chafu ya maabara na gharama kubwa ya kurekebisha mifumo ya kuiondoa. Walipunguza kemikali badala ya kupunguza mazoezi: majaribio ya kemia ogania (kemia ya misombo ya kaboni) yaliyotumia gramu nyingi yakafanywa kwa miligramu, kwa vyombo vidogo vilivyobuniwa kwa kazi hiyo. Mvuke ulipungua, taka zikapungua, na mwanafunzi akabaki na kazi mkononi. Njia hii nayo ina kasoro: kinachonata kwenye kuta za chombo huwa sehemu kubwa ya zao lote, na mwanafunzi haoni jinsi mmenyuko wa kiasi kikubwa unavyoweza kupandisha joto hadi ukashindwa kudhibitiwa. Bado naiona bora kuliko kuacha kabisa.

Kwa maoni yangu, programu itangulie zoezi, isilirithi. Mwanafunzi aliyekwisha kuona mkunjo ule kwenye skrini huingia maabara akijua anachokisubiri, na saa zake chache hazipotei. Ninachohofia zaidi ni nafasi ya fundi sanifu, kwa sababu bajeti ikibana, mazoezi yaliyohamia kwenye skrini ndiyo yatakayotolewa kama sababu ya kutomwajiri mwingine anapostaafu. Sodiamu haidroksaidi hunyonya kabonidioksaidi ya hewani na nguvu yake hubadilika ikiwa imekaa rafuni, hivyo lazima mtu aipime upya kabla wanafunzi hawajaingia. Idara ikishampoteza mtu huyo, hata ikitaka kurudi kwenye bureti, haitakuwa na wa kuiandaa.