Nyaya na Fyuzi Kwanza, Wati Baadaye

Katika maduka ya vifaa vya umeme hapa Dodoma, inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama ule wa soketi ya nyumbani, huuzwa kwa namba moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi, iwe ni wati 1000, 1500 au 2000. Mnunuzi huchagua iliyo kubwa kadiri mfuko wake unavyoruhusu, huongeza betri, na fedha ikishaisha hukatiwa mita mbili za waya wowote uliopo dukani, kisha humwita fundi. Naamini mazoea hayo ndiyo yanayohatarisha nyumba zetu, na kwamba mwenye duka anayeuza inveta bila nyaya nene na fyuzi inayolingana nayo ameuza nusu ya bidhaa.

Pasi ya wati 1000 ikichomekwa kwenye umeme wa TANESCO wa volti 230 huvuta ampea nne na kidogo. Pasi hiyohiyo ikiendeshwa kwa betri ya volti 12, betri hulazimika kutoa ampea 83, na ukijumlisha nguvu inayopotea ndani ya inveta, mkondo unakaribia ampea 95. Waya wa soketi wa milimita za mraba 2.5 umekusudiwa ampea 20 hivi. Huko Nkuhungu nimeona waya wa namna hiyo ukiwa umelainika plastiki yake hata ukabaki na alama ya kidole, huku mwenye nyumba akilalamika kwamba inveta inapiga king'ora cha betri kuisha ilhali betri imetoka kuchajiwa. Betri ilikuwa nzima kabisa. Volti zilikuwa zikipotelea njiani, kwenye waya uliokuwa ukigeuka hita. Mzigo wa namna hiyo unataka waya wa milimita za mraba 35, tena mfupi, na viungo vilivyokazwa barabara.

Wengi huidharau volti 12 kwa sababu haimpigi mtu shoti. Hata hivyo, betri ya asidi ya ampea-saa 100 ikikutanishwa chanya na hasi huweza kumwaga zaidi ya ampea elfu moja kwa mara moja, kiasi cha kuifanya spana iliyoangukia juu yake iwe nyekundu kwa moto. Ndiyo maana fyuzi hukaa kwenye waya wa chanya, isizidi shibiri moja kutoka kwenye betri, kwani kazi yake ni kukatika mkondo unapozidi na hivyo kuulinda waya wote unaofuata.

Jambo ambalo kwangu halina mjadala ni kuukataa ule waya wenye plagi pande zote mbili, unaochomekwa kwenye inveta na kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake. Ukichomoka ukutani, meno yake yana volti 230 mbele ya mtoto anayetambaa. Swichi kuu isipozimwa, umeme unaweza kutoka nje hadi kwa fundi aliye juu ya nguzo akiamini laini imekufa, na umeme wa gridi ukirudi, hukutana na inveta na kuiunguza. Anayetaka kulisha nyumba nzima afungiwe swichi ya chenjiova, inayounganisha nyumba ama na gridi ama na inveta lakini si vyote kwa pamoja, na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Asiyeiweza gharama hiyo achomeke vifaa vyake moja kwa moja kwenye inveta.

Taa, feni, televisheni na chaji za simu hazina shida. Pasi na birika la umeme naviondoa kabisa, kwa kuwa ile betri ya volti 12 na ampea-saa 100 niliyoitaja, ikitumika hadi nusu ili isife mapema, ina wati-saa 600 tu, na pasi huzimaliza kwa nusu saa. Friji linahitaji inveta ya wimbi safi, yaani inayotoa umeme laini kama wa gridi, yenye uwezo wa kubeba mkondo wa kuwashia mota, ambao ni mara kadhaa ya ule wa kawaida.

Kwa kuhofia wezi, watu huweka betri chumbani wanamolala. Betri ya maji inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka ikifika asilimia 4 ya hewa, nayo hupanda juu. Baraza lenye nondo na kivuli linafaa zaidi. Ikibidi iwe ndani, iwekwe kwenye stoo yenye matundu karibu na dari, mbali na jiko na mshumaa.