Hlebine: kioo huchorwa kinyumenyume

Makala moja kuhusu wakulima wachoraji wa kijiji cha Hlebine, Kroatia, imekieleza vizuri kijiji hicho, ila kusema walichora "juu ya kioo" hakutoshi. Huchorwa mgongoni mwa kioo, na picha hutazamwa kwa upande wa pili. Hivyo kazi yote hupinduka: mboni za macho, manyoya ya jogoo na vijiti vya miti hutangulia, kisha nguo na nyumba, mbingu ikija mwisho kabisa. Karatasi ya mchoro huwekwa chini ya kioo ikiwa imegeuzwa, la sivyo kulia kutakuwa kushoto. Rangi ni ya mafuta. Ukipaka tabaka jipya kabla la kwanza halijakauka, brashi hulivuruga. Na uso ukikosewa haufunikiki, labda ukwanguliwe.

Pia Ivan Generalić, mkulima mchoraji wa Hlebine, mzaliwa wa 1914, hakuibuka peke yake. Mchoraji Krsto Hegedušić alimgundua mwaka 1930, na 1931 kazi za Generalić zikaonyeshwa Zagreb pamoja na Zemlja, kundi la wasanii wa mrengo wa kushoto ambalo serikali ililipiga marufuku 1935. Siasa ya kundi hilo, ya kutetea wakulima maskini, haifai kuachwa nje. Picha za mwanzo za Generalić zimejaa siasa hiyo.