Fimbo Nzito Hupimwa Kwenye Mafunjo

Samaki wa kwanza niliyemvua kwa fimbo katika safari ya Ziwa Naivasha alikuwa besi wa kilo moja na robo. Fungu la mafunjo alilopanda nalo kutoka majini lilikuwa zito kuliko yeye. Mizizi, matope meusi, vipande vya magugu maji vilivyojisokota kwenye mshipi, vyote vilikuja juu pamoja, na ilibidi mzee mwenye boti achambue majani kwa vidole ndipo tumwone samaki mwenyewe: kijani mgongoni, mstari mweusi ubavuni, mdomo mpana wa kuingia ngumi ya mtoto. Mzee akamshika taya la chini, akamtazama, akanipa. “Huyu angekuwa kwenye mshipi mwembamba, mwanangu, angeondoka na ndoana yako mdomoni.”

Maneno hayo nimerudi nayo nyumbani, maana yanajibu swali ninaloulizwa kila ninapotaja vifaa vizito: vya nini vyote hivyo, ilhali besi wa Naivasha ni wadogo?

Ni wadogo kweli. Rekodi ya dunia ya samaki huyu iliwekwa na George Perry huko Georgia, Marekani, mwaka 1932: pauni 22 na aunsi 4. Ilikaa miaka 77 kabla ya Manabu Kurita kuifikia mwaka 2009 katika Ziwa Biwa, Japani. Samaki wao wote wawili walikuwa wa kilo 10 hivi. Mimi Naivasha sijashika hata mmoja aliyefika kilo 3. Mshipi niliofunga siku hiyo, ule wa kusukwa kwa nyuzi nyingi, umeandikwa pauni 65, yaani karibu kilo 30. Ukilinganisha namba hizo mbili peke yake, utaniona mfujaji.

Lakini tazama anavyoishi. Besi hakimbizi chakula ziwa zima. Anajificha kivulini, chini ya mafunjo au kando ya kisiki, anangoja. Akishameza chambo hageukii maji mapana. Anarudi palepale alipotoka, katikati ya mashina. Una sekunde mbili, pengine tatu, za kumgeuza kichwa. Zikipita, huvuti samaki tena, unavuta ziwa. Ndiyo maana hesabu ya vifaa ianzie kwenye mafunjo, samaki aje baadaye.

Na Naivasha ina mengi ya kujifichia. Besi si mwenyeji pale. Aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Mwaka 1970 wakaletwa wale kamba wekundu wenye magando, ambao asili yao pia ni kusini mwa Marekani, na besi wakubwa wakawafanya chakula chao kikuu. Kwa hiyo hata chambo changu cha plastiki nilikichagua cha wekundu uliofifia, chenye magando. Halafu katika miaka ya karibuni maji yamepanda sana, yameingia hadi kwenye mashamba na makazi, yakaizamisha migunga iliyokuwa ukingoni. Leo imesimama ndani ya maji, mikavu, mieupe, ndege aina ya mnandi wamejaa juu yake, na chini yake ndiko besi wanakolala. Kwa mvuvi hiyo ni neema yenye miiba.

Nilikwenda na fimbo tatu. Ya kwanza ya kaboni, futi 7 na inchi 6, imeandikwa nzito. Ya pili ya faibaglasi, ya zamani, fupi kidogo, imeandikwa nusu nzito. Ya tatu niliinunua kwa bei ndogo, nayo pia imeandikwa nzito, tena kwa herufi kubwa kuliko ile ya kwanza.

Hapa nina malalamiko. Neno “nzito” kwenye fimbo halina kipimo kinachofuatwa na watengenezaji wote. Kila mmoja anaandika kwa mizani yake mwenyewe, na fimbo nzito ya mmoja ni nusu nzito ya mwenzake. Mnunuzi wa Nairobi au Nakuru anasimama dukani, anaitikisa fimbo hewani mara mbili, anasoma neno, analipa. Soma badala yake namba ndogo zilizo juu kidogo ya mpini: uzito wa chambo ambacho fimbo imeundwa kukirusha, na nguvu ya mshipi unaoifaa. Fimbo yangu ya kwanza inasema hadi aunsi moja na nusu ya chambo. Ile ya tatu, yenye herufi kubwa, inaishia robo tatu ya aunsi. Namba hizo nazo zinatoka kwa mtengenezaji yuleyule, lakini angalau zinakupa kitu cha kulinganisha.

Kabla ya safari nilizipima uani. Nilifunga mshipi kwenye jerikeni la lita 5, nikalijaza maji hadi nusu, nikasimama mbali kidogo na kujaribu kuliinua kwa fimbo. Jaribu siku moja, utashangaa. Kilo mbili na nusu, ambazo mtoto wa darasa la tatu anazibeba kutoka bombani, zinakuuma kifundo cha mkono mpaka unaziweka chini. Sababu ni urefu. Mbele ya mkono wako kuna mita mbili za fimbo, nyuma yake kuna kipande cha mpini kisichofika nusu mita. Samaki ndiye aliyeshika upande mrefu wa mtaimbo. Wewe umeshika upande mfupi. Fimbo nzito haikuongezei misuli hata kidogo. Inachofanya ni kukataa kupinda mapema, ili nguvu ndogo uliyonayo ifike kwa samaki bila kuchelewa katika zile sekunde mbili. Anayetaka kulijaribu hilo jerikeni asiinue fimbo ikawa wima kabisa, maana hapo mzigo wote unaangukia ncha, na ncha ndiyo nyembamba. Nyingi huvunjika hivyo, tena kando ya boti, samaki akiwa amekwisha kuchoka.

Jioni ya kuamkia safari nilifunga mafundo yote. Naivasha iko mita 1,890 hivi juu ya usawa wa bahari, na alfajiri vidole vinakufa ganzi. Fundo la saa kumi na moja na nusu, kwa mwanga wa simu, huwa baya. Kwa mshipi wa kusukwa natumia fundo la Palomar: unaukunja mshipi mara mbili, unaupitisha kwenye tundu la ndoana, unafunga fundo la kawaida, unaipitisha ndoana nzima ndani ya kitanzi, unalowesha kwa mate, unakaza taratibu. Mshipi wa kusukwa una utelezi, na mafundo mengi yanayoshika vizuri kwenye nailoni huteleza juu yake.

Tuliingia majini kupitia ufuko wa Kamere mapema, kwa sababu baada ya adhuhuri upepo huamka. Jina Naivasha lenyewe linatokana na neno la Kimaasai la maji yanayochafuka, na ukishayaona mawimbi ya saa tisa alasiri huhitaji kuelezwa zaidi. Viboko walikuwa upande wa kushoto, wengi, masikio na pua tu juu ya maji. Mzee alizunguka mbali bila kuambiwa.

Fimbo ya kwanza ilifanya nilichoeleza hapo mwanzo. Chubwi niliyotumia, kile kizito cha kuzamisha chambo, ni ya tungsteni, na hapo sina shaka kwamba fedha haikupotea: tungsteni ni nzito kuliko risasi kwa zaidi ya mara moja na nusu, kwa hiyo chubwi ya uzito uleule inakuwa ndogo na inapenya zulia la magugu maji ambapo ya risasi hukaa juu. Mkononi kaboni ilinieleza kila kitu. Chubwi ikigonga shina, unajua ni shina. Ikigusa matope, unajua ni matope. Na samaki alipokibeba chambo, hakuvuta. Chubwi iliacha tu kuwa na uzito. Kwenye fimbo ya tatu nisingelijua hilo.

Ile ya faibaglasi sitaizungumzia sana. Ni fimbo nzuri mahali pengine. Katika maji mapana, kwa chambo chenye ndoana tatutatu, ulaini wake unamzuia samaki asijichane mdomo na kuchomoka. Kwenye mafunjo ilipinda hadi mpini, samaki akaingia mashinani kabla sijamaliza kuvuta, nikamkosa. Tena ndoana ilirudi imenyooka. Ilikuwa ya waya mwembamba, na kosa ni langu: niliitoa kwenye sanduku la vifaa vyepesi. Mtu anaweza kununua fimbo nzito, mshipi mzito na rili, kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi, yenye breki ya kusimamisha ng’ombe, kisha akafunga ndoana ya samaki wadogo. Nguvu yote inaishia pale.

Kisa chenyewe hasa ni cha fimbo ya tatu.

Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Tulikuwa kwenye migunga mikavu, nikakirusha chambo kando ya mti uliolala. Besi akakichukua kabla hakijafika chini. Nilivuta, ndoana ikakita, fimbo ikapinda vizuri kuliko nilivyotarajia, na nikamwona akigeuka chini ya maji, mkubwa kuliko yule wa asubuhi, nadhani wa kilo mbili na zaidi. Kisha mshipi ukakatika. Pauni 65, wala haukuwa umevutwa hata robo ya hapo.

Nikasema ni mti. Hilo lina mantiki yake: mshipi wa kusukwa hukata majani mabichi kama kisu, lakini kwenye mti mkavu huzama ndani ya ukuni na kujisaga, ambapo ule wa fluorokaboni, uzi mmoja wa plastiki ulio mgumu na laini kwa juu, huteleza. Ndiyo maana siamini katika mshipi mmoja kwa ziwa zima. Mafunjo yafungiwe wa kusukwa. Kwenye miti afadhali fluorokaboni ya pauni 20 au 25. Nilikuwa tayari kufunga hoja hapo.

Mzee hakukubali. Aliomba aone mahali mshipi ulipokatikia, akaupitisha katikati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, mita baada ya mita. Yeye huvua kwa mkono na kwa nyavu, hajawahi kumiliki fimbo. Akasimama mahali fulani akanionyesha: mshipi ulikuwa umechakaa manyoya-manyoya, si kwenye ncha iliyogusa mti tu, bali mita sita, saba, kuendelea juu, sehemu ambazo hazijawahi kufika majini wakati ule. “Huu haukuliwa na mti, mwanangu. Unaliwa na kitu chako.”

Nina pamba kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Nilichomoa kidogo nikaipitisha ndani ya pete za fimbo, zile mshipi unamopita, moja baada ya nyingine. Kwenye pete ya ncha ikanasa. Nyuzi mbili tatu za pamba zikabaki zimening’inia. Kulikuwa na ufa, mdogo kiasi kwamba kwa jicho sikuuona hata nilipojua upo, na kila nilipokuwa nikirusha na kuzungusha rili, mshipi wa kilo 30 ulikuwa ukipita juu ya wembe.

Nimeuwazia sana ufa huo. Uani niliipima fimbo kwa jerikeni na ikafaulu. Dukani niliitikisa na ikafaulu. Hata samaki alipokuwa ameshika, mwili wa fimbo haukunidanganya. Kwa bei yake ulifanya kazi kuliko nilivyodhani. Jaribio la pamba, la dakika moja, sikulifanya kwa sababu nilidhani kupima vifaa vizito ni kuvipa mzigo mzito.

Na yule besi? Hilo ndilo linaloniuma. Ameondoka na ndoana kubwa kwenye taya na mita kadhaa za mshipi nyuma yake. Mshipi wa kusukwa hauozi upesi. Ukisokotana kwenye migunga ile, anayenaswa baadaye ni mnandi anayepiga mbizi au furukombe anayeshuka kumchukua samaki. Tulizunguka mti huo karibu nusu saa tukitafuta. Tulipata kama mita nne zikiwa zimejisokota tawini, tukazikata na kuzitia mfukoni. Samaki hatukumwona.

Kwa hiyo anaponiambia mtu kwamba vifaa vizito ni ubabe kwa samaki mdogo, simwelewi. Besi niliyemtoa kwenye mafunjo kwa fimbo ya kwanza alikaa mikononi mwetu chini ya dakika moja, tukamrudisha, akaondoka kwa nguvu zake. Aliyeumia ni yule niliyemwendea na kifaa kilichoandikwa kizito na kisichokuwa hivyo mahali pamoja.

Pete nimebadilisha. Unaipasha moto kidogo kwa kiberiti mpaka gundi ilegee, unaitoa, unaweka nyingine yenye kipenyo hicho hicho kwa gundi mpya, ukihakikisha imenyooka na zile za chini. Mshipi wote wa rili ile nimeutupa, hata ule wa ndani ulioonekana mzima. Pamba sasa inakaa kwenye sanduku la ndoana. Mwezi ujao, upepo ukiturehemu, tutarudi kwenye mti ule uliolala, na safari hii rili itakuwa na fluorokaboni.