Karanga zisipoota: kosa la ghala au la shamba?

Mbegu za karanga zikigoma kuota, lawama huangukia ghala: hazikuanikwa vizuri, zilipata unyevu, zilibanguliwa mapema mno. Lawama hiyo ina msingi. Kanuni ya Harrington, inayojulikana sana kwa wataalamu wa mbegu, husema unyevu wa mbegu ukipungua kwa asilimia 1, maisha yake ghalani huongezeka takriban maradufu. Na karanga iliyobanguliwa huharibika upesi kuliko iliyobaki kwenye ganda.

Lakini zipo mbegu zinazoingia ghalani zikiwa na kasoro tayari, na ya karanga inaniuma zaidi kwa sababu shambani haionekani. Kalsiamu husafiri na maji yanayovutwa na majani yaliyo juani. Ganda la karanga limefukiwa, halivuti maji kwa njia hiyo, hivyo hulazimika kufyonza kalsiamu lenyewe kwenye udongo unaolizunguka. Katika udongo wa kichanga uliochoka, mkulima huona majani yamenawiri, kumbe mbegu chini imepungukiwa. Chipukizi lililo ndani yake huwa jeusi, na msimu unaofuata mashimo hubaki wazi. Hakuna ghala litakalorudisha kalsiamu hiyo. Jasi, madini yenye kalsiamu, ikinyunyizwa wakati wa maua husaidia, mradi udongo uwe na unyevu wa kuiyeyusha.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaotupa mbegu zote za mwaka wa ukame. Mmea wenye kiu mara nyingi hupunguza idadi ya mbegu kabla ya kupunguza ubora wake: hudondosha maua, ukajaza chache zilizobaki. Punje ndogo za mahindi zinaweza kuota vizuri, ingawa mche huanza na akiba ndogo. Ukame wa mwishoni, mbegu inapojaa, ndio wa kuogopwa. Kwenye karanga huzuia kalsiamu na kukaribisha sumukuvu.

Kutoota nako si kufa kila mara. Ngano iliyokomaa kwenye baridi hulala muda mrefu kuliko iliyokomaa kwenye joto. Ukiipima mara tu baada ya kuvuna, utaihukumu bure.

Kwa mahindi, basi, ningeanza kukagua ghala. Kwa karanga ningeanza na shamba: litengwe la mbegu, lipewe jasi, na kabla ya mvua zioteshwe mbegu 100 kwenye mchanga wenye unyevu. Zipasuliwe na nyingine chache zikiwa kavu, chipukizi likaguliwe rangi.