Nyanya sita zinanitosha

Hivi konda akikutazama usoni kwanza ndo anataja kituo, si amekusudia huyo? Maana mimi leo Jumatatu asubuhi, Machi 6 mwaka 2023, nimepanda pale Rangi Tatu nimetulia zangu, siti ya dirishani, sina ugomvi na mtu, jaketi nimelifunga zipu mpaka kidevuni na joto la Dar la mwezi Machi mnalijua, jasho linashuka mpaka kwenye soksi. Zakhem katangaza kawaida. Mtongani kawaida. Kwa Azizi Ally kawaida, tena kwa sauti ya kuchoka. Tunakaribia viwanja vya maonyesho jamaa akaning'inia mlangoni, akageuza shingo, akanitazama mimi, kola ya jezi imechungulia kidogo tu juu ya zipu, akavuta pumzi: "Sabasaba! Sabasaba wapo? Sabasabaaa!" Gari zima likaangua kicheko. Kuna mzee wa kibalaghashia, mtu wa kumwamkia shikamoo kabisa, kacheka mpaka bakora imemdondoka. Na kituoni hakushuka mtu hata mmoja! Sasa alikuwa anamwita nani?

Mtauliza jezi ya Manchester United ya nini siku kama ya leo, wakati jana tu Liverpool katufunga saba bila. Sikuwa na nguo nyingine. Mama watoto jana kafua kila kitu, kaanika, halafu kaenda kwa dada yake, mvua ikaanza akanipigia simu nianue, ilikuwa dakika ya 40 na mpira bado suluhu, nikamwambia nipo njiani. Baada ya hapo yaliyotokea yakatokea na mimi sikukumbuka tena kama kuna nguo duniani. Asubuhi kilichokuwa kikavu ndani ya nyumba ile ni jezi na koti la harusi. Nililifikiria sana lile koti.

Na mjue wiki iliyopita mimi nilikuwa mtu mkubwa. Tulimpiga Newcastle mbili, Casemiro na Rashford, tukabeba Carabao, kombe la kwanza tangu 2017, nikanunulia benchi zima kahawa na kashata. Kuanzia Jumatatu ile nikawa nazungumza taratibu, nikawa nasalimia watu kwa kuinua kidevu, mtu akinibishia namuuliza kwa upole, wewe kombe lako la mwisho lini? Nilikuwa nimeanza kutoa ushauri hata wa ndoa.

Jumamosi ilipita salama, nisiwe mwongo. City kamfunga huyohuyo Newcastle mbili, Chelsea kamfunga Leeds kimoja cha beki wao Fofana na mashabiki wake wakashangilia kama wamepata mtoto baada ya miaka kumi ya ndoa. Mkeka wangu wa kubeti ulikuwa wa timu nne, City kapita, Chelsea kapita, Arsenal kapita kwa taabu zake ambazo nitazieleza kwa sababu zimenitia hasara, aliyebaki Spurs, na nani kaniambia nimwamini Spurs? Kapigwa kimoja na Wolves. Mkeka ukachanika, nikasema si kitu, kesho yetu.

Sasa njooni Jumapili. Mechi saa moja na nusu usiku, mimi saa kumi na mbili nishalipa mia tano yangu kwa mwenye banda, nimekaa benchi la mbele, lile la heshima. Na kipindi cha kwanza tulicheza! Kuna watu leo wanaongea kama hatukucheza. Bruno kapiga kichwa kikatoka nje kidogo, Casemiro katia nyavuni refa wa pembeni kanyanyua kibendera, ofsaidi, sawa. Nikageuka nyuma nikawaeleza wadogo zangu kwa utulivu kwamba huyu kocha wetu Ten Hag kawasoma Majogoo wa Liverpool na leo wanalala mapema. Nakumbuka mpaka maneno. Nilisema "andikeni mahali." Dakika ya 43 Gakpo akafunga.

Na hapa ndo nina swali kuhusu umeme. Umeme wa mtaani kwetu hukatika ukinyoa nywele nusu kichwa, hukatika nikipiga pasi, mwezi uliopita ulikatika bibi harusi anaingia ukumbini. Jana nikauomba kwa moyo wangu wote. Dakika ya 47 Núñez, nikatazama taa, inawaka. Dakika ya 50 Gakpo tena, taa inawaka na haitikisiki. Ya 66 Salah, nikajituliza kwamba huyu ni Mwafrika mwenzetu. Ya 75 Núñez, ya 83 Salah, kumbe na rekodi ya Liverpool ya Ligi Kuu ya Uingereza kavunja, mabao 129, kampita Robbie Fowler, na mwenye banda kaongeza sauti tusikie vizuri. Ya 88 Firmino, mtu ambaye Ijumaa tu zimetoka habari kwamba msimu ukiisha anaondoka, yaani mgeni anayeaga kabeba na sahani. Umeme ulikuwa safi mpaka wachezaji wamepeana mikono, mpaka marudio, mpaka uchambuzi. Sijawahi kuona umeme mzuri kama ule tangu nihamie Mbagala.

Wanasema mara ya mwisho United kuchapwa hivi ilikuwa 1931. Mwaka 1931 Mwalimu Nyerere alikuwa mtoto wa miaka tisa anachunga mbuzi Butiama, hajaanza hata shule. Na mimi katika miaka yote hiyo jana ndo nikapata benchi la mbele.

Basi leo kazini mnajua ilivyokuwa, grupu la WhatsApp lina meseji mia tatu sijafungua, bosi ambaye hajawahi kuniambia habari za asubuhi leo kaniambia mara mbili. Jioni nashuka kwenye gari nimechoka, mama watoto kanituma nyanya, nikasema alhamdulillahi, niende gengeni kwa yule mama, mtu mzima, mpira haujui, angalau nipumue dakika mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Afadhali umekuja. Hivi huyu Mancheta ni nani?"

Nikashika meza. Nikamuuliza Mancheta gani. Akasema mjukuu wake leo kagoma kwenda shule, chai hajanywa, kajifunika shuka gubigubi, akiulizwa anajibu hawezi kuonana na watu, Mancheta kafungwa saba.

Nikajisafisha koo. "Ni kweli mama."

"Miaka saba?"

Najua nilitakiwa kumrekebisha palepale. Najua. Lakini nyie mtu umeshinda siku nzima unachekwa, konda kakucheka, mzee wa bakora kakucheka, halafu anatokea binadamu mmoja anakutazama kwa macho ya huruma kashika na kifua, utamkatisha? Nikainamisha kichwa nikasema, "Ndiyo mama, saba."

"Masikini ya Mungu. Kaiba nini?"

"Hakuiba kitu. Alikwenda tu ugenini kwa watu."

"Kwenda ugenini tu ndo wamfunge? Wapi huko?"

"Liverpool mama. Uingereza."

"Aaa, kwa Wazungu!" Akaacha kupanga vitunguu, akavuta kigoda. "Wale hawana huruma wale. Mashahidi walikuwepo?"

Sasa pembeni ya genge pana kijiwe cha boda, na mimi katika majonzi yangu sikuwahesabu. Jamaa mmoja ambaye pikipiki yake imebandikwa stika ya Liverpool mpaka kwenye tairi akadakia, "Mashahidi elfu hamsini na kitu, bibi! Waliona wote! Saba bila!"

"Bila nini?"

"Bila, bibi. Saba bila."

Yule mama akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Bila dhamana?!"

Boda akashuka kwenye pikipiki akakaa chini kwenye mchanga. Wenzake wakaja. Mmoja alikuwa na abiria mgongoni tayari, abiria naye akashuka asikilize. Na yule mama hana habari, yeye yupo kwenye kesi. Wakili wake alikuwa wapi? Boda wakamjibu wakili alikuwepo bibi, Mholanzi, ana upara, alisimama pembeni anatazama. Hakusema kitu? Alibadilisha watu bibi, lakini kesi ilishaharibika. Rufaa je? Rufaa inasikilizwa msimu ujao bibi, kuanzia Agosti. Huyo mama akasikitika, akasikitika, akanigeukia mimi akanieleza habari za shemeji yake aliyefungwa kwa mbuzi ambaye hata hakumla, akakaa ndani miaka miwili, ikaja sikukuu ya Muungano akatoka kwa msamaha wa Rais, sasa hivi ana duka Chamazi. "Kwa hiyo mwambie asikate tamaa. Sala tu. Ana watoto?"

Yule boda wa stika, mkono juu ya tumbo, machozi yanamtoka, akaninyooshea kidole: "Wa kwanza huyo hapo bibi!"

"Kumbe ni baba yako!"

Nikataka kusema kitu. Mdomo ukafunguka, hakikutoka kitu. Wakati huo mama wa watu keshachukua mfuko, anahesabu nyanya za fungu langu, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, halafu akachagua kwenye tenga moja kubwa, nyekundu, akaifuta kwa kanga yake, akaitia juu. "Na hii nyongeza, mpelekee mzee wako."

Kijiwe kizima kikahesabu kwa sauti. Mnajua walisema namba gani.

"Mama, toa moja," nikasema.

"Ya bure hiyo mwanangu."

"Najua. Toa."

"Mbona nzuri, angalia, haina hata kidonda..."

"Mama, nimesema sita! Sita zinanitosha! Kwani lazima ziwe ngapi? Mtu hawezi kula nyanya sita katika nchi hii akaachwa aishi?"

Pakawa kimya. Sauti ilitoka ambayo hata mimi siijui, kuku wa jirani yake alikimbia. Na wallahi nikaona aibu, mtu mzima nina mke na mtoto namfokea bi mkubwa kwa nyongeza ya nyanya. Akaitoa polepole, akairudisha kwenye tenga, akawaambia wale boda kwa sauti ya chini, "Mwacheni. Ana machungu." Hapo ndo waliniua kabisa. Nikalipa nikaondoka na chenji sikuchukua, na ile chenji ilikuwa nauli ya kesho, sijui nitairudiaje.

Nafika nyumbani mama watoto kafungua mfuko, kahesabu. "Sita? Mimi yule mama kila siku ananiongezea. Umepigwa wewe." Umepigwa! Katika maneno yote ya Kiswahili. Nikakaa sebuleni, na mtoto yupo chini na daftari la darasa la tatu, mwalimu kawaambia wakariri table, wiki iliyopita walikuwa ya sita. Ya leo mnaijua wenyewe. Kaanza kwa sauti nzuri kabisa, mara moja, mara mbili, nikamwambia mwanangu kalale. Mama yake akachungulia kutoka jikoni akauliza kalale wapi, saa kumi na mbili na nusu hii?

Lakini yote hayo mimi nayavumilia, kinachoniuma hasa ni ndoo yangu. Nilisema nitaeleza. Jirani yangu wa Arsenal kaniazima ndoo ya lita ishirini tangu Januari, nimeidai mpaka nimechoka. Jumamosi hajakaa vizuri kwenye kiti, Bournemouth kawafunga ndani ya sekunde kumi, kikaja cha pili, mimi niko dirishani kwangu nakunywa chai namsikiliza alivyo kimya, raha niliyoipata siwezi kuielezea. Mara Partey karudisha. Mara White. Dakika ya 97, watu washavaa kandambili waondoke, yule dogo Reiss Nelson kapiga shuti la kushoto. Jirani katoka mbio kifua wazi, na cha kupigia ngoma kakiona wapi? Ndoo yangu. Kazunguka ua mzima anaipiga, watoto nyuma yake, vigelegele, mpaka kitako kikapasuka, ufa wa kuingia kidole.

Nilimfuata jana asubuhi, kabla ya mechi yetu, wakati bado nina kauli. Hakubisha. Kaniwekea mkono begani akaniambia jirani usijali, tunaongoza ligi kwa pointi tano, Mei tukibeba kombe nakununulia ndoo mbili na mifuniko yake. Nikamwambia tuandikishane. Tumeandikishana, kwenye daftari la mtoto, kasaini kwa kalamu ya bluu, mama mwenye nyumba shahidi. Ya Mei siyo mbali. Mpaka hapo nachotea maji kwa sufuria ya pilau.