Mashudu kidogo, mabua mengi: kondoo wa kiangazi anakulaje?

Kiangazi kinapobana Singida na Dodoma, mfugaji wa kondoo hukosa nyasi lakini hakosi masalia ya mazao. Mashambani kumebaki mabua ya mtama na mahindi, mashine za kukamua alizeti zinatoa mashudu, za kukoboa zinatoa pumba. Mjadala wa kuwalisha kondoo vitu hivi huishia kwenye bei na protini. Linalosahaulika ni kwamba chakula kikibadilika, kondoo naye hubadili namna yake ya kula, na hapo ndipo faida inapopatikana au kupotea.

Wanaotetea masalia wana hoja nzito. Mabua makavu mara nyingi yana protini isiyofika asilimia 6, na vijidudu vya tumboni vinavyovunja nyuzinyuzi haviwezi kufanya kazi bila nitrojeni, ambayo huipata kwenye protini. Vikiikosa, mabua hukaa tumboni muda mrefu, tumbo linabaki limejaa, na kondoo anaacha kula huku anakonda. Mpe konzi mbili tatu za mashudu, mabua yatasagika upesi na atarudi kula mengine. Wengi hudhani mashudu yanachukua nafasi ya nyasi. Yakiwa kidogo, kazi yake hasa ni kumwezesha mnyama kula zaidi ya hayo mabua mabovu uliyonayo.

Kiasi kikizidi, mambo yanageuka, hasa kwa pumba laini za mahindi. Kondoo aliyezoea kuchunga saa nane au tisa, kisha kucheua karibu muda kama huo, anamaliza ndoo ya pumba kwa dakika chache na kubaki amesimama. Pumba hazina cha kutafuna. Asipocheua vya kutosha mate yanapungua, na mate ndiyo yanayopunguza makali ya asidi ya tumboni. Wanga nao unachachuka haraka. Yule aliyekuwa akigombania ndoo jana, leo anaisogelea, ananusa, anaondoka, kinyesi kimelainika. Wengine wanaanza kutafuna mbao za zizi au kunyonyoa manyoya ya wenzao. Mwenye mali anasema kondoo wamekinai na kwenda kutafuta pumba za mashine nyingine, kumbe walichokosa ni majani marefu ya kutafuna.

Wapinzani wa masalia huchukua mifano ya namna hii na kusema kondoo ni mnyama wa malisho, aachwe achunge. Ingekuwa hoja safi kama malisho yangekuwepo. Sehemu ya alizeti inayotupatia mashudu imelimwa palepale mifugo ilipokuwa ikichunga.

Hata hivyo wana jambo moja ambalo watetezi hulipuuza: kondoo ni mteuzi. Mtazame akiwekewa mabua mazima ya mtama. Mdomo wake wa juu umepasuka katikati, kwa hiyo anaweza kuchomoa jani mojamoja. Anavuta, anaparua hata ile ala, yaani sehemu ya jani inayolizunguka bua, analiacha bua jeupe, tupu. Ng'ombe angelila lote. Ndiyo maana ule ushauri wa kukatakata mabua, unaotolewa kila semina, mimi naukubali nusu. Ukikata vipande vifupi upotevu unapungua, ni kweli, lakini umemnyima kondoo nafasi ya kuchagua. Sasa anameza bua gumu pamoja na jani, na ubora wa alichokula unashuka. Mwenye mabua mengi awawekee kwa wingi, wachague, mabaki yaende kwa punda na ng'ombe. Anayenunua mabua ndiye akate, tena anyunyizie molasi.

Uteuzi huohuo ndio unaosumbua chakula kinapokuwa kigeni. Kondoo aliyekulia porini akiletewa machicha ya bia au maganda ya mihogo, atanusa, ataonja kidogo, atasubiri. Ndivyo anavyojikinga na sumu, na kwa mihogo michungu ana haki, maana maganda mabichi yana sayanidi na hayafai kabla ya kukaushwa vizuri. Mwanakondoo aliyewahi kuonja kitu akiwa na mama yake hukipokea ukubwani bila shida. Kwa hiyo kuanza mashudu Septemba, mbavu zikiwa zimeshahesabika, ni kuchelewa. Wiki mbili za kuwazoesha zianze Juni.

Saa ya kulisha nayo ina uzito. Ukiwapa ndoo asubuhi, baada ya siku chache watakaa mlangoni kuisubiri na wakifika malishoni watazembea. Jioni wakirudi ni bora. Na hori liwe refu, walau sentimita 30 hadi 40 kwa kila kondoo mzima. Likiwa fupi, wababe wanakula hadi kuvimbiwa, majike manyonge hawapati kitu, halafu kwenye daftari wastani unasomeka mzuri kabisa. Wenye madume wajue pia kwamba pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, hali inayoleta mawe kwenye njia ya mkojo. Na chakula cha kuku kisifike kwa kondoo: shaba iliyomo haimsumbui kuku, lakini kondoo huilimbikiza kwenye ini mpaka imuue.

Linabaki suala la fedha. Mashudu ya Tanzania yanagombewa na wafuga kuku, wafuga ng'ombe wa maziwa, na viwanda vya vyakula vya mifugo vya Kenya. Kondoo wa kienyeji hawezi kushindana nao kwa bei. Kwangu mimi, gramu 150 hadi 200 kwa siku kwa kondoo wa kilo 30, juu ya mabua ya kula kadiri atakavyo, ndicho kiwango kinacholipa. Na mwenye uwezo wa gunia moja tu asiligawe kundi zima: awape majike yanayokaribia kuzaa na yanayonyonyesha, wengine wavumilie hadi mvua.